Kitana cha Meno Matatu

Siku ya tatu ya matanga ya Bibi Mejumaa, hitima ilipokwisha kusomwa na wanaume wametoka uani, sisi wasichana tulipewa kazi ya kurudisha vyombo. Kwetu Mwabungo hakuna nyumba yenye sahani za kuwatosha waombolezaji wote. Mtu akifiwa au akiozesha, vyombo huja kutoka kila mlango, na kila chombo kina alama ya mwenyewe kwa chini. Mmoja amepaka rangi iliyobaki ya mlango, mwingine amekwaruza herufi kwa msumari, mwingine ametoboa tundu kwenye ukingo wa sinia. Alama ya Bibi ilikuwa tone la rangi nyekundu ya kucha. Kazi ni kugeuza, kutazama, na kuweka kwenye rundo la mwenyewe. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mikono ina povu la sabuni, nikageuza sahani moja baada ya nyingine bila kusema na mtu, kwa sababu mimi si msemaji, na siku ile hata wasemaji walikuwa wamenyamaza. Hapo ndipo ule mwaka uliponirudia wote, maana kuna mwaka mzima ambao niligeuza chombo kimoja kile kile, nikatazama alama yake, nikaichora, nikaitafuta dunia nzima, na sikujua ninachokitazama.

Nilikuwa kidato cha pili, miaka kumi na sita. Sasa nina kumi na tisa, na najua watu wazima watacheka nikisema "enzi zile," lakini nikilifungua daftari langu la mwaka ule naona mwandiko wa mtu mwingine: mdogo, umebanana, kama wa mtu anayeogopa kumaliza karatasi. Sababu za mimi kupelekwa kukaa kwa Bibi siziandiki hapa. Zina watu wengi na hazina uhusiano na chombo. Naandika sebule. Ilikuwa na makochi mawili yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani iliyochelewa kila siku, na kibao cha saruji kilichojengewa ukutani kuelekea dirishani. Juu ya kibao kulikuwa na kitu kimoja tu: chombo cha maua cha kioo, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, kizito kupita unavyotazamia unapokishika. Kilikuwa kioo ndani ya kioo. Katikati samawati iliyokolea, ikazungukwa na rangi ya asali, halafu nje kioo cheupe kinene kama barafu. Asubuhi jua likiingia, doa la samawati lilitembea ukutani pole pole mpaka mlango wa jikoni, na Bibi alilitegemea doa lile kuliko ile saa. "Riziki! Doa limefika kwenye swichi. Amka, utachelewa shule." Hakikutiwa maua hata siku moja. Maua, alisema Bibi, yangekiaibisha.

Kila mgeni aliambiwa, "Hiki kimetoka Italia." Na kila mgeni wa Mwabungo aliitikia "mashaallah" na kutazama chini, kwa namna ambayo ilinichukua wiki mbili kuielewa. Niliielewa jikoni, nimekalia mbuzi nakuna nazi, Bibi yuko nje anachagua mchicha, na Mama Saumu, jirani yetu, anamsimulia mkwewe mpya kana kwamba mimi ni chungu kilichoinamishwa pale. Bibi na shoga yake, Bi Mwanasiti wa Msambweni, walifanya kazi miaka mingi kwa Memsabu mmoja kule Diani. Bibi alikuwa mpishi, Mwanasiti alikuwa wa nguo. Memsabu alikuwa na vyombo viwili vya maua, pea, kutoka Italia. Paka akaangusha kimoja. Memsabu, ambaye hakupenda kuona kitu kikiwa kimoja, akaagiza mwigo wake kwa mafundi fulani wa huku huku Kenya, bara. Alipohama aliwagawia: kile cha Italia akampa mpishi, ule mwigo akampa wa nguo. Wenyewe hawakujali, walikuwa kama ndugu. Halafu ikaja harusi ya mtaani, vyombo vyote viwili vikaazimwa kupamba chumba cha bibi harusi, na asubuhi yake kimoja kilikuwa vipande. "Sasa kilichobaki ni cha nani?" aliuliza yule mkwe. Mama Saumu akapuliza moto. "Mejumaa asema changu, cha Italia. Mwanasiti asema changu, geuza tuone alama. Mejumaa akasema hageuziwi chombo mbele za watu kama mwizi. Basi. Tangu hapo huyu haendi Msambweni, yule hapiti Mwabungo. Wakikutana hospitali, mmoja atazama dawa."

Nakiri kwamba nilichukua upande siku hiyo hiyo, kabla nazi haijaisha. Bibi alikuwa ananipasulia samaki na kunitolea miba kama mtoto, alikuwa anauliza nimeandika nini leo na hakulazimisha kuambiwa. Mtu kama huyo hawezi kuwa mwongo. Na nikaona kuna njia nyepesi ya kumaliza maneno: mtu athibitishe chombo kimetengenezwa wapi. Kikiwa cha Italia, ni cha Bibi, na Mwabungo nzima itaacha kutazama chini. Kikiwa cha bara, lakini hilo sikuliandika.

Ukunda, kando ya barabara, kulikuwa na duka la vitu vya nyumbani vilivyotumika, la dada mmoja wa bara aitwaye Njoki. Alinunua vitu kwenye nyumba za zamani za Diani, wenyewe wakihama au wakifa, na alivijua vioo kama mvuvi anavyojua samaki. Nilipita mlangoni kwake Jumamosi tatu bila kuingia. Ya nne niliingia na maswali yangu yameandikwa kwenye karatasi, nambari moja hadi tisa, nikampa karatasi na kusimama. Aliisoma, akanitazama, akacheka mpaka akashika meza. "Wewe umeniletea mtihani! Kaa hapo, msichana. Hunywi soda?" Halafu akanijibu yote tisa, moja moja, na hiyo ndiyo heshima kubwa niliyowahi kufanyiwa na mtu mzima nisiyemjua.

"Kwanza usiangalie rangi," alisema, amenipa chombo cha kijani kutoka rafuni. "Rangi inadanganya. Geuza chini. Cheki, kuna mstari hapa pembeni kama mshono wa nguo? Kama uko, hiyo imetoka kwa kalibu, ya kiwanda. Hii haina. Hii imepulizwa na mtu. Sasa, mtu akipuliza, inabidi kioo kishikwe kwa chini na fimbo ya chuma ndio amalizie mdomo. Akikibandua kwa ile fimbo kinabaki na kovu. Weka kidole." Niliweka. Hapakuwa na kovu. Palikuwa laini na bapa kama kioo cha simu. "Umeona? Hii ni Murano, ni kisiwa huko Italia. Kioo ndani ya kioo kama hiyo yako, hao ndio wenyewe. Na hawaachi kovu. Wanasugua mpaka chini kunakuwa hivyo. Ukipata kovu mbichi, inakwaruza kidole, hapo ujiulize." Swali langu la saba lilikuwa kuhusu saini. Alikunja uso. "Saini ni kitu ya mwisho kuangalia, si ya kwanza. Watu wakishaona saini wanakuwa vipofu, nakuambia."

Nilikwenda nyumbani na nikawa kipofu. Bibi alikuwa amekwenda msikitini. Nilikilaza chombo kwenye kochi, nikakigeuza, na chini yake, pembeni kidogo ya katikati, palikuwa na alama iliyochorwa kwa mistari myembamba mno, iliyonyooka, si ya msumari: kama kitana kidogo chenye meno matatu, na nukta juu yake. Niliweka karatasi juu yake nikasugua kwa penseli, alama ikatokea nyeupe. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika kila kitu, niliandika pia, chini ya ukurasa huo huo, maneno ambayo nikiyasoma sasa natamani kujipiga kofi: "Kovu lipo. Linakwaruza kidogo. Labda siku hiyo walisahau kusugua."

Njoki hakuitambua. Kila Jumamosi tulikaa nyuma ya kaunta tukitafuta kwenye simu yake, tukapitia samaki, nyota, nanga, taji, herufi zilizofungamana, za Italia, za Uswidi, za Ucheki. Nilijaza kurasa nane za alama za mafundi wa nchi nisizozijua, na ya kwetu haikuwemo. Hilo halikunivunja moyo. Nilimtengeneza fundi wangu mwenyewe kichwani, mtoto wa muuza vitana wa kisiwa cha Murano, mwenye haya, asiyetaka kuandika jina lake, akaamua kuchora kazi ya baba yake. Nilimpenda sana. Naona sasa kwamba alifanana nami kuliko kufanana na Mtaliano. Njoki aliuliza mara mbili, "Na kovu, umeangalia?" Mara zote mbili nikasema nimeangalia, na hiyo ilikuwa kweli.

Kuna jambo jingine nililiona na sikulitazama. Kila Ijumaa asubuhi Bibi alikiosha chombo uani. Ndani alipitisha maji tu. Juu alipangusa kwa kitambaa. Lakini chini! Chini alichukua mchanga laini mweupe wa pwani, aliouweka maalumu kwenye kopo la maziwa, akasugua kwa kidole gumba, akasuuza, akatazama, akasugua tena, midomo imekaza. Nilimwambia, "Bibi, nikusaidie?" Akasema, "Huku kwa chini wewe hukuwezi." Niliandika daftarini kwamba Bibi ni msafi mpaka mahali pasipoonekana.

Likizo ya Agosti, dada wa rafiki yangu wa darasani, Zainabu, aliolewa Msambweni. Bibi aliniruhusu, akanifunga leso mpya mwenyewe, na hakuuliza lolote kuhusu huko ila kama barabara ya kwenda hospitali imetiwa lami vizuri. Tulikula pilau wasichana sita kwenye sinia moja. Tulipomaliza tukapelekwa kuosha, na mimi kwa wakati ule nilikuwa nageuza kila kitu, hata jagi la shule, kwa hiyo niligeuza sinia. Kwenye bati la chini palikuwa na kitana chenye meno matatu, na nukta juu yake. Nikageuza la pili. Kitana. La tatu. Nikamuuliza Zainabu kwa sauti ndogo mpaka akaniambia nirudie, "Hii alama ni ya nani?"

"Ya Bi Mwanasiti. Si huyo hapo, anakuangalia."

Alikuwa bibi mdogo wa umbo, amekaa kwenye mkeka anahesabu vijiko, na anawatania waoshaji wote. "Wewe mwenye leso ya njano, sinia huoshwa, halisomwi! Au shuleni kwenu siku hizi mnasoma masinia?" Watu wakacheka. Nikasogea, nikamwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Binti wa nani wewe?"

"Nakaa Mwabungo. Kwa Bibi Mejumaa."

Vijiko vilinyamaza mkononi mwake. Nilingoja anitukane, na ningekubali. Badala yake akasema, taratibu, "Goti lake la kushoto vipi?"

"Linamsumbua akipanda ngazi."

"Lilimsumbua tangu ujana. Nilimwambia asibebe mitungi ya gesi, yeye akajifanya mwanamume." Alinyanyuka, akaingia jikoni, akatoka na mkate wa kumimina juu ya sahani ya udongo yenye maua, umefunikwa kwa kitambaa. "Mpelekee. Mwambie iliki ni kidogo, yeye haipendi." Halafu, kama aliyesahau, akaongeza, "Kile kitana alinichorea fundi wa madirisha wa hotelini, kwa ile almasi yake ya kukatia vioo. Akachora na kwenye kile chombo cha Memsabu. Mistari mizuri, sivyo? Sisi wengine tulikuwa na makuu."

Nilifika nyumbani alasiri, nimeishika sahani kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Msambweni na yote yalikwisha mlangoni. Niliweka sahani juu ya meza, nikasema, "Wamekuletea mkate. Iliki ni kidogo," nikaenda kukaa kwenye kochi la mbali. Bibi aliufunua. Aliumega kipande, akala. Akamega cha pili. Nikamwona anatafuna polepole sana, kama mtu anayesikiliza. Alipomaliza kile kipande, akauhamishia mkate uliobaki kwenye sinia letu, akafuta makombo, na akaigeuza sahani. Hakushtuka. Aliweka kidole gumba juu ya kitana, kidole kile kile cha Ijumaa, na hapo ndipo nilipoelewa mchanga ulikuwa wa nini.

"Kilichovunjika kilikuwa changu," alisema. Hakuniangalia, aliitazama sahani. "Cha Italia. Nilikivunja mwenyewe, mkono wangu huu. Asubuhi ya harusi nilikwenda kuvichukua vyote viwili, nikakisuuza changu, mikono ina mafuta ya pilau, kikaniponyoka. Nilikusanya vipande, nikachukua cha Mwanasiti, nikaja nacho hapa. Nilisema kesho nitamwambia. Kesho akaja na watu, akasema geuza. Mbele za watu, Riziki! Angenijia peke yake ningelia naye. Nikasema changu. Na nikishasema, je?" Akapitisha gumba juu ya kile kitana. "Nimekisugua miaka yote hii. Hakitoki. Kila nikisugua kinazidi kuonekana."

Nilitaka kumwambia habari za fundi wangu wa Murano, mtoto wa muuza vitana, na nikaona aibu kwa ajili yetu sote wawili. Nilimwambia tu, "Mchanga wa pwani ni magamba na matumbawe, Bibi. Ni chokaa. Hauwezi kukwaruza kioo. Tulisoma." Aliirudisha sahani mezani. "Na hamkusoma wa kukwaruza?" Sikujua kama nicheke.

Kwetu, ukiletewa chakula, sahani ya mtu huirudishi tupu. Unaweka chochote, maembe mawili, kipimo cha sukari, lakini unaweka. Bibi aliiosha ile sahani, akaiweka juu ya kibao kando ya chombo, na ikakaa pale siku tisa. Nilizihesabu kwa sababu ni siku tisa ambazo hakula vizuri. Asubuhi alipika muhogo wa nazi, akaweka sahanini, akauondoa. Alipika kaimati, akaziondoa. "Kwa mkate ule," alisema, "kaimati ni kumdharau." Mama Saumu alikuja kuazima kibiriti, akaiona sahani, akajua ni ya nani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaondoka bila kusema lolote. Siku ya kumi Bibi alikishusha chombo, akakifunga kwa leso mbili, akavaa buibui lake zuri. "Beba sahani," akaniambia. "Nitabeba hiki mwenyewe. Kikivunjika safari hii, nife nacho."

Bi Mwanasiti alikuwa uani anaanika mpunga. Alituona tangu mbali, na hakuacha kuanika. Bibi alisimama mbele yake na goti lake bovu, akafungua leso ya kwanza, akafungua ya pili, akakigeuza chombo mwenyewe, chini juu, mbele ya wajukuu na majirani waliokuwa pale, akakinyoosha mbele. "Shoga," alisema, "nimekuja kurudisha sahani. Nipe radhi."

Bi Mwanasiti alikipokea. Alipitisha kidole kwenye kile kitana, kisha kwenye kovu lile linalokwaruza, ambalo mimi nililisamehe mwaka mzima. Akakiinua kwenye jua. "Mejumaa. Mbona kinang'aa hivi?"

"Nimekisugua."

"Lini?"

"Kila Ijumaa."

"Kwa kitu gani?"

"Mchanga."

"Mchanga gani?"

"Wa pwani."

Bi Mwanasiti alimtazama, mdomo ukaanza kumcheza. "Wewe mpishi mzima, miaka yote uliyosugua masufuria ya Memsabu, hujui mchanga wa pwani hautoi hata ukoko?" Akaanza kucheka, na Bibi akaanza kulia, halafu wakabadilishana, na mwisho sikujua nani anafanya lipi. Waliingia ndani wakafunga mlango. Sisi tulibaki kuanika mpunga. Nilisikia kupitia dirishani Bi Mwanasiti akisema, "Radhi nilikupa mwaka ule ule, mjinga wewe. Nilingoja uje uichukue."

Njoki nilimwambia ukweli wote Jumamosi iliyofuata, nikamwonyesha na yale maneno kuhusu kovu. Alisoma, akanirudishia daftari. "Sasa ndio umeanza kuwa mjuzi," alisema. "Wote tuna chombo kimoja tulikiangalia tukiwa tayari tunataka kiwe kitu fulani." Nani hasa alikipuliza kule bara hatukupata kujua. Mtu fulani aliyepewa kipande cha Murano akaambiwa fanya kama hiki, akafanya, akaacha kovu lake.

Tangu siku ile chombo hakikukaa nyumba moja. Kilikuja Mwabungo, kikaenda Msambweni, kila safari na sahani, kila sahani na kitu juu yake, na doa la samawati likawa linatuamsha miezi mingine na miezi mingine hatuamki. Mara ya mwisho kilikuwa Msambweni. Kwa hiyo nilishtuka, siku ya tatu ya matanga, kukikuta kati ya masinia ya Bi Mwanasiti, kimelazwa juu ya leso. Alikuja nacho mwenyewe na hakuwa amemwambia mtu. Nilikigeuza kama ninavyogeuza kila kitu. Kitana cha meno matatu kilikuwa pale, na nukta yake. Kando yake palikuwa na kitu ambacho hakikuwepo: tone la rangi nyekundu ya kucha.

Bi Mwanasiti alikuwa kwenye beseni mbele yangu, anasuuza vikombe, macho yamevimba. Nilitazama marundo yaliyonizunguka, lake na letu, nikashindwa.

"Bibi," nikamuuliza, "hiki nikiweke wapi?"

Hakuinua kichwa. "Kishike hivyo hivyo kwanza, mwanangu," alisema. "Rangi haijakauka."